Tanuri lako la kwanza la uhunzi: anza na hewa

Swali: "Shikamoo fundi. Nataka kujifunza kufua chuma nyumbani, na sina mtu wa karibu wa kunifundisha. Video nilizotazama zimenichanganya: huyu anatumia dramu ya breki, yule mtungi wa gesi, mwingine anamimina saruji kwenye ndoo. Mimi nina nafasi ya wazi nyuma ya nyumba, mashine ya kukaushia nywele isiyotumika, na kipande cha reli cha kama nusu mita. Nijenge tanuri la aina gani, nitumie moto gani, na je, naweza kuanza na kisu?"

Marahaba. Ulivyonavyo vinatosha kuanzia, na hicho kipande cha reli kina thamani kubwa kuliko unavyodhani, nitakifikia. Jibu fupi ni hili: jenga tanuri la udongo ndani ya sanduku, lenye bomba moja la chuma linaloingia kwa ubavuni, uchome mkaa wa kuni, na akili yako yote uipeleke kwenye kudhibiti hewa. Kisu kisubiri. Sasa tuingie ndani, maana jibu fupi halitakufaa siku moto unakurushia cheche na chuma hakiivi.

Wanaoanza hupoteza miezi wakichagua chombo. Chuma hakijui kimelala ndani ya dramu, ndoo au shimo la ardhini. Tanuri la mhunzi ni mahali ambapo mkaa unaowaka umerundikwa mbele ya mdomo wa hewa, basi. Kinachoamua kama chuma kitaiva ni kiasi cha hewa kinachoingia, kina cha mkaa ulio juu ya mdomo wa bomba, na jinsi moto ulivyobanwa usitawanyike.

Hicho kina ndicho kinachosahauliwa zaidi. Pale hewa inapotoka bombani, oksijeni ni tele. Inakutana na mkaa, unawaka kwa nguvu, na hapo ndipo penye joto kali kuliko pote. Sentimita chache juu yake oksijeni imekwisha kuliwa. Hewa ya ukaa iliyotokea inapita katikati ya mkaa mwekundu na kugeuka kaboni monoksidi, na joto bado lipo. Ukilaza chuma hapo juu, kinapata joto bila oksijeni ya kukila. Ukikichomeka chini mpaka mdomoni mwa bomba, au moto wako ukiwa na kina cha sentimita nne tu, chuma kinapigwa na hewa mbichi: kinatoka kimevaa magamba meusi manene, kimekonda, na kikipita kiasi kinaungua kama fataki. Wengi hudhani mkaa wao ni mbovu. Mkaa ni mzima. Ni kidogo tu.

Kabla ya ujenzi, nikukataze mambo manne. Saruji ya kawaida hubaki na maji ndani hata ikionekana kavu kabisa. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na yasipopata pa kutokea yanapasua ukuta na kurusha vipande. Mawe yaliyookotwa mtoni hufanya vivyo hivyo. Ule mchanganyiko wa plasta na mchanga unaopendwa sana kwenye video unatengenezwa upesi na unapendeza mbele ya kamera, lakini haukuumbwa kwa joto la kufulia chuma. Ukiwashwa mara kadhaa unapasuka na kumeguka. Na mtungi wa gesi wa zamani usiuguse kwa grainda. Mabaki ya gesi hukaa ndani hata valvu ikiwa wazi, na cheche moja inatosha.

Dramu ya breki haina ubaya. Inafaa zaidi kwa makaa ya mawe, hewa ikitokea chini. Makaa ya mawe huwaka pale hewa inapoyafikia, na yaliyo pembeni hukaa yakingoja zamu. Mkaa wa kuni hauna subira hiyo: ukishika moto upande mmoja unaenea pote, na ndani ya dramu pana utajikuta unalisha moto wa sentimita 30 ili kupasha chuma cha unene wa kidole. Kama unayo tayari, ikandike udongo ndani mpaka nafasi ya moto ibaki kama sentimita 15. Usiimwagie maji ikiwa moto, itapasuka. Kama huna, usihangaike kuitafuta.

Tanuri la gesi nalo lina wapenzi wake, na ninawaelewa: halina majivu, joto lake ni sawasawa, na ni vigumu kuunguza chuma ndani yake. Lakini linataka bana zuri (kichomeo cha gesi), regyuleta ya shinikizo linalofaa, mpira wa gesi usiovuja, na ukuta wa pamba ya kauri ambao lazima upakwe udongo maalumu wa kuhimili moto, kwa sababu nyuzi zake zikipeperuka huingia mapafuni. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Yote haya yanawezekana, ila kwa mtu asiye na mwalimu naona ni mzigo wa ziada. Mkaa pia unafundisha macho kusoma moto, jambo ambalo gesi haikufundishi upesi.

Basi tujenge. Tafuta sanduku imara la mbao, au nusu ya pipa, lenye urefu wa kama sentimita 60, upana 45 na kina 30. Usiogope mbao: moto utakuwa katikati, umezungukwa na udongo mnene pande zote, na mbao haitapata joto la kuiunguza mradi ukuta wa udongo usipungue sentimita 12. Liweke juu ya miguu ya chuma au matofali ili uso wa udongo ufike kiunoni. Kufua huku umeinama kutakuchosha mgongo kabla hujajifunza lolote.

Changanya udongo wa mfinyanzi sehemu moja na mchanga sehemu mbili au tatu, kutegemea udongo wako unavyonata. Maji yawe kidogo. Finyanga tonge mkononi: likishika umbo na ukilivunja likagawanyika vipande viwili safi, umepata. Likikuachia tope viganjani, maji yamezidi, na udongo wenye maji mengi utapasukapasuka ukikauka. Shindilia tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita tano hivi, kwa kipande cha mti. Hapa usifanye haraka. Udongo ulioshindiliwa vizuri unakuwa kama tofali. Uliomwagwa tu unabomoka kila unapochokoa moto.

Bomba liwe la chuma kitupu, lisilopakwa zinki, lenye tundu la kama sentimita 2.5 na urefu usiopungua sentimita 60. Toboa ubavu mmoja mrefu wa sanduku, ulipitishe likiwa limelala sawa, lifike karibu na katikati. Kisha chimba mfereji unaokatiza mbele ya mdomo wa bomba, sambamba na ubavu huo mrefu: chini upana wa sentimita 10, juu utanuke mpaka 15, urefu 25. Sakafu ya mfereji iwe sentimita tano chini ya bomba, ili majivu yapate pa kutuama bila kuziba hewa. Kutoka bombani hadi uso wa udongo ziwe sentimita 8 mpaka 10. Ncha za mfereji ziache wazi, zipande polepole hadi juu, ili fito ndefu iweze kulala ikipita moto wote na kutokea upande wa pili. Weka tofali moja kila upande wa mfereji, juu, ili mkaa urundikwe zaidi ya usawa wa udongo. Mdomo wa bomba utaliwa na moto kidogo kidogo, kwa hiyo bakiza urefu wa kutosha nje. Kila ukiona umekwisha, unalisukuma ndani.

Liache likauke kivulini siku kadhaa. Nyufa zitakazotokea zikandike kwa udongo ule ule uliolowa. Halafu washa moto mdogo wa vijiti, bila kupuliza hewa, kwa saa moja hivi. Utaona mvuke ukitoka ukutani. Ukikoma ndipo ulete mkaa.

Sasa tufike kwenye mashine yako ya nywele, kwa sababu hapa ndipo tanuri linapofaulu au kushindwa. Iweke kwenye hewa baridi. Kifaa chake cha kupasha joto hakikusaidii chochote ila kula umeme. Usiiunganishe moja kwa moja na bomba. Kwa moto wa mkaa wa kuni, hata mashine ndogo hutoa hewa nyingi kupita kiasi, na kama huna namna ya kuipunguza, utakuwa kila siku unapigana na moto uliopandwa na wazimu. Njia rahisi kuliko zote ni kuacha nafasi: weka mdomo wa mashine sentimita tano au kumi nyuma ya ncha ya nje ya bomba, juu ya kigogo kinachosogezeka. Ukitaka hewa zaidi unakisogeza mbele, ukitaka kidogo unakirudisha. Njia safi zaidi ni kufunga kiungo cha pande tatu kwenye bomba, tundu moja likiwa la kumwaga hewa ya ziada, na kipande cha bati cha kulifunika nusu au robo. Usifanye kosa la kuzuia hewa kwa kuziba mdomo wa mashine yenyewe. Mota itapata joto na kuungua.

Mabomba ya plastiki yasikaribie tanuri. Ukiunga bomba la plastiki, angalau mita moja ya kwanza iwe chuma. Na kila unapozima hewa ili upumzike, isogeze mashine mbali na bomba, kwa sababu joto hurudi kinyumenyume na litayeyusha mdomo wake. Kwa anayechoma makaa ya mawe sababu ni kubwa zaidi: gesi mbichi huingia bombani hewa ikiwa imezimwa, na ukiwasha ghafla hulipuka. Mivukuto ya kale ilipasuliwa hivyo.

Utajuaje hewa ni ya kiasi? Sikiliza na utazame. Moto wenye hewa nyingi unanguruma, vipande vya mkaa vinachezacheza, na cheche zinapanda kama za fataki. Moto wenye hewa kidogo unabaki mwekundu hafifu moyoni, na fito yako inakaa humo mpaka unachoka kungoja. Ule mzuri una moyo wa manjano unaotulia, na juu yake ulimi mfupi wa moto, mara nyingi wa buluu, unaochezea juu ya mkaa: hiyo ni kaboni monoksidi ikiungua inapokutana na hewa ya nje. Fito ya milimita 10 au 12 ikilazwa hapo inapata rangi ya chungwa kwa dakika chache tu.

Hiyo kaboni monoksidi ndiyo sababu nataka ubaki nyuma ya nyumba na usihamie gereji wala banda lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Haina harufu wala rangi, na kufungua mlango mmoja hakutoshi. Paa la kivuli lisilo na kuta ni zuri sana, na lina faida ya pili nitakayoieleza hapa chini. Mkaa uliobaki usiuingize ndani ya nyumba jioni kwa kudhani umezimika; uweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mpaka kesho.

Mkaa wenyewe uwe wa mti mgumu, uvunjwe vipande vya sentimita mbili au tatu. Vipande vikubwa vinaacha mapengo ambamo oksijeni inapenya mpaka kwenye chuma, vumbi linaziba. Chekecha vumbi ulitupe kando. Mkaa wa kubandikwa, ule wa vitonge vyenye gundi na udongo, una majivu mengi mno, uache. Makaa ya mawe utayajaribu baadaye ukipenda: yana joto la kudumu, lakini yanatoa moshi mzito mwanzoni, yana salfa, na majivu yake huyeyuka na kuganda kuwa mavi ya chuma yanayoziba mdomo wa hewa.

Kuhusu kile kivuli. Rangi ya chuma ndiyo kipimajoto chako, na juani hutaiona. Chuma kilichoiva wekundu huonekana cheusi kwenye jua la mchana, hivyo mtu anakirudisha motoni, anakizidishia, anakiunguza. Kivulini utaona rangi ya damu ya mzee kwenye nyuzi kama 650 za Selsiasi, wekundu wa wazi karibu na 800, chungwa kati ya 900 na 1,000, manjano karibu na 1,100 na kuendelea. Chuma laini kifuliwe kikiwa kati ya chungwa na manjano. Kikianza kutoa cheche ndogo nyeupe zinazopasuka kama nyota, kimeungua, na hapo hakuna dawa: kata sehemu hiyo uitupe. Upande wa pili, kikirudi kwenye damu ya mzee, acha kupiga. Wanaoanza huongeza mapigo mawili matatu ya mwisho "kumalizia", na hayo ndiyo yanayoleta nyufa. Kibaya kuliko vyote ni kukipiga kikiwa hakiwaki tena lakini bado kina joto, karibu nyuzi 300. Hapo ni kikavu, yaani huvunjika upesi, kuliko hata kilichopoa kabisa.

Reli yako sasa. Wengi huilaza kama inavyolala njiani, wakaichonga pembe ili ifanane na fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, ya kwenye picha. Ikilala, ule ukuta mwembamba wa katikati unakuwa kama springi: nyundo inaruka, kelele zinatoboa masikio, na nusu ya nguvu yako inapotea. Isimamishe wima. Reli nyingi zina uzito wa kati ya kilo 30 na 60 kwa mita, kwa hiyo nusu mita yako ina kilo 15 mpaka 30, na ikisimama uzito huo wote uko chini ya nyundo. Uso unakuwa mdogo, kweli, lakini uso wa nyundo ni mdogo zaidi, na hupigi kwa wakati mmoja mahali pakubwa kuliko hapo. Sawazisha ncha ya juu kwa grainda, kingo uzifanye mviringo kidogo, kama milimita tatu, maana ukingo mkali huacha mkato kwenye chuma na mkato huo ndio unaozaa ufa. Ukingo mmoja uufanye mviringo zaidi kwa ajili ya kukunjia. Izamishe kwenye gogo lililochimbwa, au ibane kwa mbao nene nne zilizofungwa bolti, iwe haitikisiki hata kidogo.

Kimo chake kipime hivi: simama wima, mikono ikining'inia, kunja ngumi. Uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Ikiwa chini zaidi utainama. Ikiwa juu zaidi nyundo itapiga kwa ukingo na kuacha alama za mwezi mchanga kila mahali.

Nyundo ya kilo moja au pungufu kidogo inatosha. Mwenye nguvu hutamani ya kilo mbili, na baada ya nusu saa mkono hauna shabaha. Uso wa nyundo mpya una kingo kali; zisage zipinde. Usivae glavu kwenye mkono wa nyundo, unapunguza mshiko. Na usipige fuawe tupu kwa nyundo, hata kwa mzaha, kwa sababu chuma kigumu kikikutana na kigumu kinarusha vibanzi, nao hulenga macho. Miwani ya kinga ivaliwe tangu unapowasha mpaka unapozima. Nguo ziwe za pamba au ngozi. Nailoni inayeyuka na kugandamana na ngozi yako. Suruali ifunike juu ya viatu, isichomekwe ndani, ama sivyo gamba la moto litapata njia.

Koleo usinunue bado. Anza na fito ndefu, sentimita 60 hivi, ushike upande wa baridi kwa mkono. Utakapomaliza kitu, unakikata kutoka kwenye fito kwa tindo. Koleo lako la kwanza utalifua mwenyewe. Siku hiyo utahitaji jiliwa imara, kile chombo cha kubania chuma. Kabla ya hapo si lazima.

Chuma cha kujifunzia kiwe laini, fito ya mraba au ya duara ya milimita 10 mpaka 12. Nondo za ujenzi zinafaa kwa kulabu na vigingi, ila kaboni yake haitabiriki. Fito mbili kutoka rundo moja zinaweza kutenda tofauti. Chochote kilichopakwa zinki kiache: mabomba ya maji, nati na bolti zinazong'aa, vipande vya uzio. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto lako la kufulia, na moshi wake mweupe huleta homa, baridi ya mwili na kichwa kuuma. Bolti za zamani zenye rangi ya dhahabu huenda zina kadimi, na moshi wa kadimi unaua. Usiniambie utabana pumzi wakati unachoma. Okota chuma kingine.

Kitu cha kwanza kiwe kulabu ya kutundikia. Inaonekana ya kitoto, lakini ndani yake mna karibu kila kitu: kuchonga ncha, kukunja, kunyoosha, kukata.

Nikuoneshe ncha, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Pasha sentimita tano za mwisho mpaka manjano. Weka ncha kwenye ukingo wa fuawe ulio mbali nawe, inua kidogo mkono unaoshika fito, na uso wa nyundo uulaze kwa mwinamo ule ule. Piga mara mbili, zungusha robo, piga mara mbili, rudisha robo. Unatengeneza mraba unaochongoka. Kishawishi ni kuzungusha zungusha kama penseli ili ncha iwe duara moja kwa moja. Ukifanya hivyo, chuma cha nje kinatambaa mbele kuliko cha katikati, na ncha inafunguka kama mdomo wa samaki, na ukiendelea kupiga inapasuka mpaka ndani. Kwa hiyo mraba kwanza, mpaka uwe na urefu na wembamba unaoutaka. Kisha piga kona nne tu, kwa wepesi, upate pembe nane. Kisha kona hizo nane, kwa wepesi zaidi, na duara linajitokeza lenyewe. Fito nyembamba hivyo inabaki na joto la kufulika sekunde chache tu, labda 15 au 20, na ncha hupoa mapema zaidi. Kwa hiyo jua utapiga wapi kabla hujaitoa motoni. Ukianza kufikiri ikiwa tayari juu ya fuawe, umechelewa.

Ncha ikiwa tayari, pasha tena, ikunje kwenye ule ukingo uliofanywa mviringo, ukipiga sehemu inayoelea hewani na siyo ile iliyolala juu ya chuma. Sehemu iliyolala ukiipiga inabapa, haipindi. Ikipinda zaidi ya ulivyotaka, usione haya kuinyoosha na kuanza upya. Chuma laini kinavumilia.

Ndoo ya maji iwe karibu, na nyingine ya mchanga. Kipande kilichorudia weusi wake usikishike kwa kuamini macho. Chuma cha nyuzi 400 kinaonekana sawa na chuma baridi. Leta mgongo wa mkono karibu nacho kwanza, usikiguse, usikilizie joto. Weka mahali pamoja pa kudumu pa vyuma vinavyopoa, na kila anayeingia hapo umweleze, hasa watoto.

Mwisho, kisu. Sikukatazi kwa ubahili. Kisu kinataka chuma chenye kaboni ya kutosha, kuanzia kama asilimia 0.5, na hicho ni kigumu zaidi kufua: kina nafasi finyu ya joto, kinaungua mapema, na kinapasuka ukikipiga kikipoa. Fito laini haitakaza makali hata uichovye mara 20, na nondo huwezi kuitegemea. Chuma cha kufaa ni kama springi za bamba za magari. Ukishafua umbo, unakipasha mpaka sumaku ikatae kukishika. Hilo hutokea kwenye nyuzi 770 hivi, na joto ambalo metali yenye usumaku huupoteza limepewa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyelichunguza mwaka 1895. Unaongeza joto kidogo juu ya hapo, kisha unakichovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa uvuguvugu, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko cha kuzimia moto. Mafuta machafu ya injini yana moshi wa sumu, yaache. Kikitoka humo ni kigumu na kikavu kama kioo. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Kwa hiyo siku ile ile kiingie kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kirudi tena saa mbili, ndipo unapoanza kukinoa.

Kama unavyoona, kila hatua hapo inadai uweze kushika rangi moja ya moto kwa makusudi na kuirudia. Fua kulabu mpaka mbili zilizofuatana zifanane bila kupima. Kisha fua koleo lako la kwanza. Ukifika hapo, tafuta springi kuukuu, ukate kipande kidogo cha majaribio kabla ya kugusa kisu chenyewe: kipashe, kichovye kwenye mafuta, kisha kipitishie tupa. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma hicho kinakaza na kinafaa. Ikiuma kwa urahisi, ama joto halikutosha ama chuma si chenyewe. Rudia mara moja kwa joto la juu kidogo, na kama bado inauma, tafuta kipande kingine.